Namna ya Kupanda Ngazi Shuleni Bila Kuchafuka Chaki

Mwalimu mwenzangu uliyeripoti kituo juzi na begi, godoro la futi tatu na mtungi mdogo wa gesi, karibu na hongera. Chuoni walikufundisha kuandika azimio la kazi na andalio la somo, na kutengeneza zana za kufundishia kwa makopo na maboksi. Kukua hawakukufundisha. Wiki mbili hazitaisha kabla hujagundua kwamba shule yetu hii ya sekondari ya kata ina walimu wa namna mbili, wanaofundisha na wanaokua. Mtu mmoja kuwa vyote viwili inawezekana, ila huchoka sana na wilayani hakuna anayemfahamu.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kukua.

Kwanza usichanganye daraja na madaraka. Daraja ni mambo ya mshahara. Mwenye stashahada anaanzia TGTS C, mwenye shahada TGTS D, halafu herufi zinasogea kila baada ya miaka kadhaa, bajeti ikiruhusu, jina likiwa kwenye orodha na faili likiwa limeonekana. Ufundishe vizuri, ufundishe vibaya, herufi inakusubiri kwa utulivu uleule. Walioiva kupanda mwaka 2016 waliambiwa wangoje kidogo, serikali inahakiki watumishi hewa. Uhakiki wa watu ukafuatwa na uhakiki wa vyeti, na Aprili 2017 ikatangazwa kwamba watumishi 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi. Wenye vyeti halali walikuwa kwenye foleni ileile, wakingoja kwa mshikamano. Ilipopita miaka mingi ndipo likaja neno tamu la mserereko, na baadhi ya waliocheleweshwa wakapandishwa kufidia muda waliopoteza. Kwa hiyo kuhusu daraja nina ushauri mmoja, na huu sifanyi utani: toa nakala ya kila barua unayopewa, ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, ya kupanda, uziweke nyumbani mbali na mchwa. Siku yako ya kupanda ikifika, barua ya kuthibitishwa utaombwa na mtu yuleyule anayetunza faili lenye barua hiyo.

Madaraka ni habari nyingine. Hayo hayangoji miaka, hayataki bajeti, na yanaanza kugawiwa mwezi wako wa kwanza.

Chagua kitengo kabla hujachaguliwa

Kwenye kikao cha kufungua muhula mkuu wa shule atasoma mgawanyo wa majukumu: mazingira, afya, michezo, chakula, stoo, miradi, malezi na unasihi, klabu za wanafunzi, nidhamu, taaluma. Usishangae shule yenye walimu kumi na mmoja kuwa na vitengo kumi na tisa. Hakuna hata kimoja chenye posho, ndiyo sababu vinaitwa fursa. Msingi wake ni ule mstari wa mwisho kwenye orodha ya kazi zako, unaosema utafanya kazi nyingine utakazopangiwa na mkuu wako wa kazi. Wengi huupitia haraka. Wewe uanze nao, maana mistari iliyo juu yake, ule wa kufundisha ukiwemo, ni utangulizi.

Mazingira mwachie anayependa miti. Atapanda miche mia moja, mbuzi wa jirani watakula tisini, na kila mgeni atakayefika atauliza tisini iko wapi. Chakula kikimbie kabisa. Maharage yakiwa na wadudu ni wewe, yakiisha ni wewe, yakibaki ndiyo balaa zaidi. Michezo ina uhondo wake msimu wa UMISSETA: utasafiri, utavaa traksuti, utaitwa kocha, lakini utalala sakafuni darasani na timu yako, na posho ya kujikimu utaidai hadi wachezaji wako wamalize kidato cha nne.

Nidhamu inajenga jina haraka. Kijana mwembamba aliyetoka chuo Julai anaogopwa na shule nzima ikifika Septemba. Ila kabla hujakata mti wowote, soma kanuni za mwaka 2002: viboko visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemkasimu kwa maandishi, na tukio liandikwe kitabuni. Shule nyingi zinaifahamu fimbo kuliko zinavyokifahamu kitabu. Siku mzazi anapoingia getini na fomu ya polisi ya PF3 mkononi ndipo ofisi nzima inainuka kukitafuta.

Ninachokuombea ni taaluma. Mwalimu wa taaluma ndiye mwenye ratiba, ile manila kubwa ukutani yenye rangi za maka peni, na mwenye ratiba ana shule. Wewe ndiye utakayeamua nani afundishe Ijumaa kipindi cha mwisho, nani awe huru Jumatatu asubuhi ili awahi kutoka shambani, na nani apewe dabo ya baada ya chakula cha mchana, wakati hata mwalimu mwenyewe anasinzia akiwa amesimama. Wenzako watakuletea maandazi. Kula, lakini usiahidi kitu.

Ukishaipata manila hiyo, jipangie kidato cha kwanza na cha tatu. Hapa usinione mwoga, nisikilize. Cha pili kina upimaji wa taifa, cha nne kina mtihani wa taifa, na matokeo ya NECTA hutoka na jina la somo, na jina la somo kijijini lina sura ya mtu. Cha kwanza na cha tatu hakuna wa kukuumbua. Kama somo lako ni Hisabati, ambalo miaka nenda miaka rudi wanaolifeli kidato cha nne ni wengi kuliko wanaolifaulu, kwa ushauri huu utanishukuru kila Januari. Kidato cha nne mpe mwalimu wa ajira mpya. Mwambie tunataka damu changa.

Na matokeo yakitoka mabaya, usijitetee. Mwalimu wa taaluma hajitetei, anaandaa mkakati. Mkakati ni lazima uwe na jina, na jina liwe na ziro ndani yake: Futa Ziro, Zuia Ziro, Kataa Ziro. Ndani yake weka kambi ya kidato cha nne, mitihani ya ujirani mwema na shule za jirani, na masomo ya jioni. Usiweke mahali popote swali la kwa nini mtoto amefika kidato cha tatu hajui kugawanya, kwa sababu swali hilo halina msimamizi, halina muda wa utekelezaji, na halina kiashiria.

Semina

Zamani, nasikia, mwalimu akitaka kukua kitaaluma alipelekwa semina mjini. Alilala gesti, alikunywa chai yenye sambusa mbili, alipewa daftari, kalamu na bahasha, na alirudi kituoni amependeza. Maarifa yalishuka kwa ngazi: wawezeshaji wa kitaifa walipikwa siku kumi, wao wakawapika wa mkoa siku tano, wa mkoa wakawapika wa wilaya siku mbili, na mwishowe mwalimu aliyechaguliwa kuiwakilisha shule akatupa sisi mrejesho kwa nusu saa, baada ya chai ya saa nne, huku kengele ikigongwa. Tuliambiwa mbinu shirikishi ni nzuri. Tuliambiwa kwa mhadhara.

Sasa kuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, yanayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Wazo lake, nikiri, limeshika pabaya. Wanasema mwalimu ajifunze hapohapo shuleni, na wenzake, katika jumuiya ya ujifunzaji: mnakaa, mmoja analeta mada inayomsumbua, mnaichambua, mnamtazama akiifundisha, mnarudi kusemezana. Moduli zipo mtandaoni, na vishikwambi tulishapewa, vile vilivyohesabia watu kwenye Sensa ya 2022 kabla havijagawiwa kwa walimu. Hakuna gesti, hakuna bahasha. Kilichobaki ni kujifunza kwenyewe, na hilo limewashtua wengi.

Anayetaka kukua ana hatari mbili kwenye jumuiya hii. Ya kwanza ni kugeuka kuwa yule anayetazamwa. Mwalimu anayekubali wenzake waketi nyuma ya darasa lake, wakamwona akikwama kwenye mlinganyo na watoto arobaini na tano wakimwangalia, huyo amejivua nguo, na hata kama kesho yake atafundisha vizuri kuliko wote, itakumbukwa siku aliyokwama. Ya pili ni kuja na mada inayokusumbua kweli. Ukisema mbele ya watu, "Jamani, mimi sehemu ya logariti siielewi vizuri," umemaliza safari yako ya uongozi. Njoo na mada kama Umuhimu wa Ushirikiano Mahali pa Kazi. Hiyo haijawahi kumsumbua mtu.

Kiti salama ni cha kiongozi wa jumuiya. Kazi yake ni kuandika muhtasari, kuzungusha karatasi ya mahudhurio na kupiga picha. Picha ndiyo mafunzo yenyewe, kwa hiyo ipigwe vizuri: waliokaa wakiwa wameinamia vishikwambi, mmoja amesimama ananyoosha kidole ubaoni, ubao una tarehe. Itume kwenye kundi la WhatsApp la wilaya kabla hamjafungua moduli. Kwa Afisa Elimu Kata ongeza simu.

"Shikamoo Afisa."

"Marahaba mwalimu. Nimeiona picha yenu. Kazi nzuri sana."

"Asante Afisa. Ni miongozo yako."

Hapo umekua kuliko aliyejifunza logariti.

Hata hivyo semina za mjini hazijafa, hasa mtaala unapobadilika, na mtaala wetu hubadilika. Ikitokea nafasi moja na walimu wa somo hilo ni wawili, aende ambaye hana vipindi vingi siku hizo, yaani wewe, maana kumbuka nani anapanga ratiba.

Jaza mfumo

Baba zetu walijaza OPRAS, ambayo kwa Kiswahili chake cha kiofisi iliitwa MWAMTUKA, fomu ndefu ya karatasi. Ilitakiwa ijazwe mwanzo wa mwaka, katikati na mwisho. Ilijazwa mwisho, mchana mmoja, sehemu zote tatu, kwa kalamu tatu za wino tofauti ili mkaguzi asihisi. Siku hizi ni PEPMIS, ipo mtandaoni. Unaingiza majukumu yako, unayagawa vipande vidogo, unaeleza umefikia wapi, msimamizi anathibitisha, na mfumo unakupa alama. Kwenye vituo visivyo na mtandao utawaona walimu jioni wamepanda kichuguu karibu na goli la kaskazini, vishikwambi vimeinuliwa juu, wanatafuta mnara.

Ujanja ni mmoja. Andika kinachohesabika. "Kusahihisha madaftari 180" ni kazi njema. "Kumsaidia binti wa kidato cha kwanza aliyeacha kuuliza maswali aanze tena kuuliza" haina kipimo, haina tarehe ya mwisho, na ikikuchukua muhula mzima mfumo utaonyesha muhula mzima hukufanya kitu.

Kasome, lakini si somo lako

Baada ya kuthibitishwa kazini utapata hamu ya kujiendeleza. Jizuie kwanza hadi jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, vinginevyo utarudi na shahada ya pili na barua ya utoro. Ruhusa ikipatikana, swali ni ukasome nini. Mwalimu wa Bailojia mwenye mapenzi na kazi yake atasema Bailojia. Msikitikie. Akirudi atakuwa anaijua Bailojia zaidi, atafundisha kidato kilekile kwenye chumba kilekile kisicho na vifaa vya maabara, na hakuna kiti hata kimoja shuleni kinachomtaka mtu anayeijua Bailojia zaidi.

Wewe kasome uongozi, mipango au utawala wa elimu. Chuo Kikuu Huria unaweza kusoma huku unafundisha, au tuseme huku umeajiriwa. Bagamoyo kuna ADEM, wakala wa maendeleo ya uongozi wa elimu, na pale, tena nasema bila kejeli, wanafundisha mambo ambayo mkuu wa shule anapaswa kuyajua kabla hajapewa muhuri: fedha, manunuzi, sheria, usimamizi wa watu. Kasoro ni kwamba wengi wetu hupewa muhuri kwanza, Bagamoyo baadaye, na katikati hapo hujifunza kwa hoja za ukaguzi.

Kaimu, kisha kalia

Makamu akienda likizo ya uzazi, jitokeze. Kukaimu ni kufanya kazi za cheo, kulaumiwa kwa niaba ya cheo na kuendelea na mshahara wako. Usiulizie posho ya kukaimu mapema, utaonekana una tamaa. Usiiulizie baadaye pia, utaambiwa ulipaswa kuuliza mapema. Vaa tai. Kwenye mikutano ya wazazi anza na "itifaki imezingatiwa" hata kama mgeni rasmi ni mwenyekiti wa kitongoji peke yake.

Ukifanya haya kwa miaka michache, siku moja utapokea barua ya uteuzi wa kuwa mkuu wa shule, na hapo ndipo utaanza kulipwa kwa madaraka: posho ya shilingi 250,000 kwa mwezi kwa mkuu wa sekondari, 200,000 kwa mwalimu mkuu wa msingi. Makamu wako na mwalimu wako wa taaluma wataendelea kulipwa heshima.

Na kuanzia siku hiyo, mwalimu mwenzangu, chaki umeiaga. Kisheria una vipindi vichache. Kiuhalisia una FFARS, mfumo wa uhasibu wa kituo, ambao shule haina mhasibu wa kuujaza, kwa hiyo mhasibu ni wewe, uliyesomea Historia na Kiingereza. Una NeST, mfumo wa manunuzi, ambamo mwenye duka la senta anayekuuzia chaki na reki anatakiwa awe amejisajili, na yeye simu yake ni ya tochi. Una fedha za elimu bila malipo zinazoingia kila mwezi tangu Januari 2016 kwa kuhesabu vichwa, na una wazazi wanaoamini kwamba bila malipo maana yake ni bila hata debe moja la mahindi. Una bodi ya shule. Una Mwenge unapita. Una mgogoro wa mpaka na mzee wa mikorosho.

Zaidi ya yote una ujenzi. Oktoba 2021 ulizinduliwa mpango wa shilingi trilioni 1.3 zilizotokana na mkopo wa IMF wa kukabiliana na UVIKO-19, na ndani yake yalikuwemo madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, kila chumba shilingi milioni 20, tena yawe tayari kabla ya kufungua shule Januari. Ilitumika fosi akaunti, maana yake shule inanunua vifaa yenyewe na kutafuta mafundi yenyewe. Wahandisi wa halmashauri walikuwa wachache na saiti nyingi, basi mhandisi wa saiti akawa mkuu wa shule. Likizo ya Desemba mwaka ule ungemkuta mwalimu wa Jiografia amelala stoo juu ya mifuko ya saruji akiilinda, anajua bei ya nondo ya milimita 12 kwenye maduka matatu, anabishana na fundi kuhusu uwiano wa mchanga na kokoto, simu inalia, mkuu wa wilaya anataka picha ya linta. Madarasa yalijengwa. Watoto wa kidato cha kwanza wa Januari 2022 waliyakalia, na mimi si wa kuyabeza. Nasema tu kwamba katika miezi ile mitatu wakuu wa shule walikua kuliko wakati mwingine wowote katika historia ya ualimu nchini, na hakuna aliyekua upande wa kufundisha.

Ukuu una upande wake wa giza, nao haukwepeki kwa kujipangia kidato cha tatu, kwa sababu sasa vidato vyote ni vyako. Shule ikishika mkia kimkoa, unaweza kuvuliwa madaraka hadharani kwenye kikao cha wadau wa elimu, umevaa suti, kamera zinawaka. Wapo waliopata makubwa zaidi. Februari 2009 mkuu wa wilaya ya Bukoba aliamuru polisi wawachape viboko walimu 19 wa shule za msingi kwa sababu ya matokeo mabaya ya darasa la saba. Rais Kikwete alimfuta kazi. Kitabu cha viboko sijui kama kiliandikwa.

Njia ya chama cha walimu nayo ipo, kwa wenye sauti. Mwalimu anakatwa asilimia mbili ya mshahara kila mwezi kwenda CWT, na lazima awepo mtu wa kusimama kwenye ofisi ya walimu kueleza zinakwenda wapi. Anza na uwakilishi wa sehemu ya kazi. Utagawa fulana za Mei Mosi, na aliyegawa fulana hasahauliki kirahisi, hasa na waliokosa saizi yao.

Tahadhari kuhusu mtu fulani

Kila shule ina mwalimu mmoja ambaye mwongozo huu haumhusu, na ukimzoea sana atakuharibia. Kwetu anafundisha Fizikia. Amekataa taaluma, amekataa nidhamu, alipewa stoo akarudisha funguo wiki ileile. Anafika saa moja kasoro. Kipindi chake cha kidato cha nne unakisikia kabla hujafika mlangoni, kwa sababu watoto wanabishana humo ndani na yeye yuko kimya. Akikwama anasema amekwama, anawaambia watoto waende wakatafute, na yeye anakwenda kutafuta. Jumuiya ya ujifunzaji kwake huwa haijafunguliwa wala kufungwa. Ukipita saa kumi jioni utamkuta kwenye benchi nje ya maabara na yule ajira mpya wa Kemia, wameshika betri na waya, wanagombana kuhusu jambo ambalo hata kwenye mtihani halitoki.

Huyu mtu anakiongoza kidato kizima, na anawaongoza walimu watatu vijana ambao hakuna barua iliyompangia awaongoze. Kwenye mfumo cheo hicho hakipo. Hakuna safu ya mwalimu anayewafanya wenzake wafundishe vizuri zaidi na bado anabaki darasani, akalipwa kwa hilo na kuheshimiwa kwa hilo. Tume ya Utumishi wa Walimu inajua kumpandisha herufi kwa miaka yake, halmashauri inajua kumtoa darasani ikimpenda. Kumkuza akiwa palepale alipo, bado hatujapata fomu.

Wilayani wamemwandikia mara kadhaa wakimtaka aende kuwa afisa. Anajibu kwa barua fupi yenye heshima. Mei Mosi mmoja alipewa cheti cha mfanyakazi bora na mabati kumi. Mabati aliezekea banda la kuku. Sitaki uwe hivyo.

Kilele

Kutoka ukuu wa shule, barabara inafunguka: afisa elimu kata mwenye pikipiki, mthibiti ubora wa shule ambaye zamani alikuwa mkaguzi na kuogopwa na sasa ni rafiki mwezeshaji na bado anaogopwa, afisa taaluma wa wilaya, afisa elimu wa mkoa. Kila hatua inakuweka mbali na kengele. Ila ukitaka kujua ualimu unaweza kumfikisha mtu wapi, tazama Ikulu. Kati ya marais sita wa Jamhuri ya Muungano, watatu walishika chaki. Nyerere alifundisha Pugu, Mwinyi alifundisha Zanzibar na kuongoza chuo cha ualimu, Magufuli alifundisha Kemia na Hisabati Sengerema. Kassim Majaliwa alikuwa mwalimu na katibu wa CWT kabla ya ukuu wa wilaya, ubunge na uwaziri mkuu. Wote wana jambo moja linalofanana, nalo ndilo siri ya kazi hii: waliacha. Nyerere alitakiwa achague kati ya Pugu na TANU, na mwaka 1955 akaondoka Pugu. Angebaki, huenda leo angekuwa anakumbukwa na wanafunzi wake wa zamani wachache kama mwalimu mkali wa kuaminika, na angestaafu akiwa anadai malimbikizo.

Basi uteuzi wako ukitoka, usiage kwa machozi mengi. Lililobaki ni makabidhiano. Hati yake iandikwe nakala tatu: ya kwako, ya shule na ya wilaya. Orodhesha funguo, mihuri, vishikwambi, viti na meza, vitabu vya kiada kwa idadi na hali, vitabu vya stakabadhi, mifuko ya saruji iliyobaki. Kila kitu kina safu yake. Vipindi vyako vya kidato cha tatu B havina safu, kwa hiyo viandike chini kabisa, kwenye mengineyo: vitapangiwa mwalimu mwingine atakapopatikana. Weka saini, gonga muhuri, uwahi basi la saa nane.